Mkasi wa Kucha na Mguu wa Mjomba Lavro

Nawaambia mapema kabisa, hii mtaikataa. Hata mama yangu, ambaye anaamini kila kitu anachotumiwa kwenye simu, hii aliikataa. Mwezi wa kumi, siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, niliiangusha ndege ya kivita kwa mkasi wa kucha. Sitanii. Mkasi wa kucha, ule mdogo wa kwenye kipochi. Na bado mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Tuanze na shimo. Mtu akisikia mahandaki anakumbuka picha za kitabu cha shule: mfereji mrefu, wanajeshi mamia wamekaa mstari wanacheza karata, afande anapita anakagua buti. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi mfereji mrefu unaonekana kutoka juu kama kovu kwenye kichwa kilichonyolewa. Ukiingia humo umeshapigwa picha. Kwa hiyo sasa ni shimo. Letu lilikuwa refu kama kitanda na nusu, limeezekwa magogo na udongo, chini ya mstari wa miti kando ya shamba la alizeti ambalo hakuna aliyelivuna, huku kwetu mashariki mwa Ukraine. Tulikuwa watu watatu na panya wengi. Ilikuwa siku ya arobaini na sita.

Katika hizo siku arobaini na sita sikumwona adui hata mmoja. Mtu, nasema, mwenye kichwa na miguu. Droni zao niliziona kila siku. Nyingine nilishazijua kwa sauti, kama unavyojua pikipiki ya jirani.

Mimi naitwa Chaji. Huku kila mtu ana jina la vitani, na mimi nilipewa hilo siku ya kwanza kwa sababu nilipofika shimoni sikuuliza adui yuko wapi, niliuliza pa kuchomeka simu. Wa pili alikuwa Zoryan, tunamwita Daktari. Zamani alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, na mpaka leo akikupima homa anakushika sikio. Wa tatu ni mjomba Lavro, miaka hamsini na nne, dereva wa trekta. Yeye alikataa jina la vitani. Alisema, "Mama yangu alikaa wiki nzima anatafuta jina. Siwezi kumfanyia hivyo."

Kila kitu kilikuja kwa hewa. Mkate, betri, maji, mafuta ya nguruwe ya kula na vitunguu, soksi alizofuma mke wa Lavro. Droni yetu kubwa inapita, inaangusha mfuko, inaondoka. Kubadilishwa na wenzetu tuliahidiwa siku ya ishirini. Lakini kutoka kwetu mpaka pa kupanda gari ni kilomita sita, na mtu akitembea kilomita sita mchana anahesabiwa na droni za pande zote mbili. Basi tukakaa.

Siku hiyo mfuko wa maji ulianguka hatua tano kutoka mlangoni. Hatua tano tu. Lavro akasema naenda, nikasema ngoja mjomba, akasema nimengoja tangu jana nina kiu. Akatoka. Akashika mfuko. Akarudi na mfuko na bila soli ya buti la kushoto, na damu inamtoka chini ya goti kama bomba lililopasuka. Droni ndogo ilikuwa imejificha kwenye majani makavu inasubiri mtu mwenye kiu, ikamlipukia mguuni.

Zoryan akamfunga mkanda wa kuzuia damu pajani, akaukaza mpaka Lavro akataja watakatifu ambao sijawahi kuwasikia. Kisha akaandika saa kwenye paji la uso wake kwa kalamu: tatu na robo.

"Kwa nini unaniandika usoni? Mimi gunia?"

"Ili hospitali wajue mkanda umekaa muda gani. Ukikaa sana mguu unakufa."

"Sana ni muda gani?"

"Ukifika mezani kwao kabla ya saa sita mchana, mguu unao. Baada ya hapo sijui. Ikifika jioni najua."

Lavro akautazama mguu wake. Kisha akasema taratibu, kama anaeleza mtoto: "Huu ni wa kushoto, Daktari. Klachi iko kushoto."

"Najua klachi iko wapi."

"Nakukumbusha tu."

Nikapiga redio. Kwa bahati kigari kilikuwa tayari njiani kutuletea betri. Kigari ni kitoroli cha chuma chenye magurudumu manne na kitanda juu, hakina mtu. Anayekiendesha amekaa kwenye chumba cha chini ya ardhi kilomita kumi na mbili nyuma, na kikombe cha kahawa. Wetu alikuwa dada mmoja anaitwa Solomiya, miaka ishirini na tatu, ana sauti kama anakuuzia tiketi ya basi.

"Kinafika saa nne na robo. Mgonjwa ana uzito gani?"

"Mjomba, una kilo ngapi?"

"Tisini na nne. Mwambie asubuhi nilikuwa tisini na tano."

Sasa hapa inabidi nieleze jambo moja, halafu sielezi tena. Zamani, yaani mwaka juzi, droni na vigari vilikwenda kwa mawimbi ya redio. Kisha pande zote zikaleta mashine za kukoroga mawimbi, kila kitu kikawa kinadondoka. Basi wakarudi kwenye waya. Kigari kinakuja kinaacha nyuma yake uzi mwembamba wa kioo, faiba, ileile inayoleta intaneti majumbani, na amri zinapita humo ndani. Droni nazo hivyohivyo, inaruka huku inatapika uzi kilomita na kilomita. Uzi haukorogeki. Ila unakatika. Ndiyo maana shamba lile la alizeti limejaa nyuzi. Asubuhi kwenye jua linang'aa lote, kama buibui wamepewa mkataba wa serikali. Ndege wanajengea viota. Zoryan alianikia soksi.

Kigari kikafika kwa saa yake. Njia ya kufika mlangoni ni nyembamba, hakiwezi kugeuka, kwa hiyo kilipita mbele, kikazunguka kichaka kilicho hatua sita kutoka shimoni, kikarudi. Kikasimama. Kikazima. Solomiya akasema, "Kimeganda. Nakiwasha upya." Kikawaka upya. Tukashusha betri.

Lavro alikitazama muda mrefu.

"Dereva yuko wapi?"

"Hakuna dereva, mjomba. Kuna Solomiya."

"Na Solomiya yuko wapi?"

"Mbali."

"Nimeendesha mashine miaka thelathini na mbili. Sijawahi kupanda kitu ambacho dereva wake hatakufa nacho. Dereva akijua atakufa na wewe, anaangalia barabara."

Redio ikakwaruza. Solomiya alikuwa anasikia. "Mzee, nimeshawatoa watu kumi na saba."

"Na waliopanda ni wangapi?"

"Kumi na tisa," Solomiya akasema.

"Angalau hasemi uongo," Lavro akasema. "Nipandisheni."

Tukamlaza, tukamfunga mikanda, tukamwachia redio kifuani. Zoryan akamfunika turubai lenye rangi ya majani. Kikaondoka saa nne na dakika ishirini na tano, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Dakika hamsini mpaka kwenye gari la wagonjwa. Mguu ulikuwa unapona. Tulipiga hesabu mara tatu na kila mara ulikuwa unapona.

Nikarudi shimoni nikafungua simu. Tuna intaneti ya satelaiti, msishangae, kuna siku tumeangalia harusi ya binamu yangu tuko chini ya mizinga. Na droni yetu ya kutazama, ile inayokaa juu kabisa, picha yake inakuja moja kwa moja kwenye simu. Moja kwa moja wanavyosema wao. Inachelewa kama sekunde tano. Kama vile unaangalia mpira kwenye simu na jirani mwenye antena anashangilia goli kabla yako. Tunajua hivyo. Kila mtu anajua.

Nikamwona Lavro kwenye kioo cha simu, mdogo kama punje, anakwenda. Akapita kwenye alizeti. Akafika kwenye njia ya matrekta.

Hapo tukaisikia. Mlio kama mashine ya kinyozi. Ikatokea upande wao, ikapita juu ya shimo letu, chini kiasi kwamba udongo wa darini ulidondoka kwenye chai. Haikusimama. Haikututaka sisi. Ilikuwa inafuata alama za magurudumu.

"Solomiya," nikasema, "una mgeni nyuma yako."

"Namwona."

Kwenye simu nikaona ile droni inampita Lavro kwa pembeni, inakwenda mbele yake kama mita mia tatu, halafu inatua. Inatua kwenye nyasi kandokando ya njia na kukaa. Wanafanya hivyo kuokoa betri. Inakungoja upite, kisha inainuka inakugonga.

"Simama," nikamwambia.

"Nikisimama itamfuata hapohapo. Nikienda, inangoja afike. Kwenda kuna dakika tatu. Kusimama hakuna."

"Pita pembeni."

"Pembeni kuna mabomu ya ardhini, Chaji. Yetu."

Redio ya Lavro ikakwaruza. "Watoto, mbona mmenyamaza? Mkinyamaza wote najua kuna kitu."

Zoryan alikuwa ananitazama.

"Uzi," akasema.

Maana kama droni imepita juu yetu, uzi wake umelala juu yetu. Uko hapo nje, hatua chache. Ukiukata, kule mbele inakufa.

Mikasi ya kazi hiyo ipo, mikubwa ya fundi cherehani, kila shimo lina mmoja. Wetu ulizama kwenye tope wiki iliyotangulia. Nikachukua wa kucha. Zoryan akachukua bunduki ya kuwindia bata. Vita ya kisasa kuliko zote duniani, na silaha tunayogombania ni bunduki ya bata, kwa sababu hiyo tu ndiyo inayoigonga droni ikiwa karibu. Akasimama mlangoni anatazama juu. Mimi nikatambaa nje kwa tumbo, simu mkono wa kushoto, mkasi mkono wa kulia.

Kichakani kulikuwa na nyuzi labda mia. Lakini za zamani zinafifia, zinashika vumbi, unazijua. Mpya unang'aa kama umeoshwa.

Mpya zilikuwa mbili.

Nilikaa pale nikizitazama. Mmoja wa droni yao. Mwingine wa kigari chetu, maana si kilizunguka kichaka hichohicho. Na upepo ulikuwa umezisukuma zote mbili zikalala kwenye tawi moja, zimepishana. Unene mmoja, rangi moja. Wao na sisi tunanunua kwa kiwanda kimoja, nchi moja ya mbali, nadhani hata bei moja.

"Daktari, ziko mbili!"

"Kata wa kwao!"

"Upi wa kwao?"

"Mimi nitajuaje, niko mlangoni!"

Nikajaribu kuzifuata kwa macho. Zote zilikwenda mashariki hatua mbili, zikaingia kwenye majani, zikapotea. Kuzivuta siwezi, faiba ukiivuta vibaya inavunjika, na kama ni yetu basi nimeshaua kigari.

"Mita mia," Solomiya akasema redioni. Sauti ileile ya tiketi. "Themanini."

Nikaangalia simu. Lavro anakwenda. Droni imekaa. Halafu nyasi karibu na droni zikaanza kulala chini. Imewasha mapanga yake ya kurukia.

"Inainuka," Solomiya akasema.

Nikakata mmoja. Wa kulia. Msiniulize kwa nini wa kulia. Ulikuwa karibu na mkasi.

Haukulia wala nini, ilikuwa kama kukata unywele. Nikatazama simu. Droni inainuka. Imeinuka kabisa, imegeuza pua, inakwenda kwa Lavro. Mita hamsini. Mita arobaini. Mimi niko na mkasi wazi kwenye uzi wa pili.

Nikakata na wa pili.

Nikaendelea kutazama kioo. Na sasa hii ndiyo sehemu ambayo mama yangu alikataa. Droni ikiwa kama mita ishirini kutoka kwake, ikadondoka. Hivihivi, kama mtu amekumbuka kwamba chuma hakiruki. Ikaanguka njiani, haikulipuka hata. Nikapiga kelele, nikaupiga mti ngumi. Zoryan mlangoni akapiga kelele bila kujua kwa nini.

Halafu kwenye kioo, sekunde tatu baadaye, kigari kikasimama.

Nadhani mmeshaelewa. Mimi nilichelewa kuelewa. Nilipokata wa kulia, droni ilikufa hapohapo. Niliyokuwa naiona inamfuata Lavro ilikuwa picha ya sekunde tano nyuma. Nilikuwa naangalia goli lililokwishaingia. Uzi wa pili ulikuwa wetu.

"Chaji," Solomiya akasema. "Nimempoteza. Mmefanya nini huko?"

"Tumeiangusha."

"Naona mmeiangusha. Na mimi je?"

Redio ya Lavro: "Mbona tumesimama? Mwambieni binti hakuna foleni huku."

Kigari kikipoteza mawasiliano, kinangoja dakika moja, kisha kinarudi nyumbani chenyewe. Kinajua njia, kimeikariri. Kwa hiyo nikapata moyo. Nikasema, mjomba tulia, kinakupeleka nyumbani sasa hivi, hakihitaji mtu. Dakika ikaisha. Kigari kikatikisika.

Kikageuka.

Kikaanza kurudi kwetu.

Solomiya akatukana, mara ya kwanza nimsikie. Ni kule kuwasha upya. Kile kigari ukikiwasha, mahali kilipo wakati huo kinapaandika kuwa ndiyo nyumbani. Kule kwao kila asubuhi wanakiwasha mlangoni pao, kwa hiyo nyumbani ni kwao. Siku hiyo kiliganda mlangoni petu, na haraka ile hakuna aliyekumbuka kukibadilishia. Kwa akili ya kile kigari, nyumbani ni kwa Chaji na Zoryan na panya.

Kikaja taratibu, kikapita kwenye alizeti, kikazunguka kichaka kwa adabu, kikasimama mlangoni. Lavro akatoa kichwa kwenye turubai.

"Nimetembea vizuri," akasema. "Kuna hewa."

Nikamweleza. Sikuficha. Nikamwambia nyuzi zilikuwa mbili, nikakata wa kwao kwanza, nikadhani nimekosea kwa sababu ya simu, nikakata na wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Saa ilikuwa tano kasoro kumi.

"Kwa hiyo ungekata mmoja ukaketi," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Sasa hivi ningekuwa nusu ya njia kwenda kwenye gari."

"Ndiyo."

"Hm," akasema. Kisha akaomba sigara.

Kigari chetu bila uzi kilikuwa chuma tu, na cha pili kilikuwa kimekwama kwenye mto. Cha tatu kilikuwa na mgonjwa mwingine. Kumbeba kwa mikono kilomita sita chini ya anga nyeupe, watatu tungekuwa wagonjwa watatu, na kama tungekuwa wagonjwa ingekuwa bahati. Zoryan alijaribu kulegeza mkanda saa sita kasoro robo, damu ikaruka mpaka kwenye magogo, akaukaza tena. Saa sita ikapita. Lavro alikuwa anazungumza juu ya trekta lake, jinsi gia ya tatu inavyotaka kubembelezwa, kisha akaacha kuzungumza juu ya trekta na kuanza kuzungumza juu ya nyuki.

Saa tisa na nusu mvua ikaanza. Kwenye mvua droni haziruki, huku watu wanaipenda mvua kuliko mshahara. Saa kumi na dakika ishirini kigari kingine kikafika. Solomiya hakukizima hata sekunde. Lavro akapanda bila kuuliza swali. Alifika. Mtu wa ishirini kwa Solomiya, na wa kumi na nane kufika akiwa mzima, mzima wa kiasi hicho. Mguu waliukata usiku huohuo, juu ya goti.

Mimi na Zoryan tulitoka shimoni siku ya hamsini na tatu, kwenye ukungu. Kitu cha kwanza nilichofanya mahali penye sakafu ni kumpigia Lavro simu ya video. Alikuwa hospitali, amenyolewa, amenenepa. Nikaanza kulia.

"Chaji, usilie, picha inakatakata," akasema. "Mimi ni mzima. Watu waliokatiwa uzi mmoja tu, na ukawa siyo wenyewe, hawapigiwi simu. Nimewaza hilo vizuri, nina muda."

Nikasema asante mjomba. Hapo mke wake akachukua simu. Anaitwa Motria, ndiye aliyetufumia soksi. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza viazi vimeiva.

"Mwanangu, Lavro amenieleza. Ile picha ilichelewa sekunde tano. Na wewe ulikuwa unajua inachelewa."

"Nilikuwa najua, mama."

"Sasa hukuweza kusubiri hizo tano?"

Nilimjibu sijui, na ndilo jibu nililonalo mpaka sasa. Kwa sababu kama ule wa kulia ungekuwa wetu, na ningesubiri sekunde tano zile, Motria asingekuwa na mtu wa kukaa naye kando ya kitanda cha hospitali. Hesabu nimeipiga mara nyingi. Kila mara inatoka vilevile na kila mara hainisaidii.

Basi niwaulize ninyi. Umelala kwa tumbo kichakani. Umeshakata uzi mmoja, hujui ni wa nani. Simu inakuonyesha droni bado inamwendea mjomba wako. Mkasi uko wazi kwenye uzi wa pili. Wewe ungesubiri?